Swichi ya Tatu ya Gereji

Mbagala, 4 Desemba 2024

Baba mdogo Cyprian,

Shikamoo. Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikitanguliza habari za nyumbani nitaishiwa ujasiri kabla sijalifikia. Sitaki kuwa nesi. Nataka kuwa fundi umeme. Mama akienda kununua vitambaa huwa naingia gerejini, najifungia, nasimama mbele ya swichi na kuzitazama kama watu wengine wanavyotazama picha za harusi.

Wiki iliyopita nilikupigia simu kukuambia haya. Ulipoitika, "Haloo, nani?" nikakata. Nisamehe, ni mimi. Kwenye simu maneno hunikauka. Ndiyo maana naandika, na barua nimempa kondakta wa basi la Newala.

Sasa habari za hapa. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado. Baba ameacha kuendesha lori, anasema mgongo wake umestaafu kabla yake, na anashinda nyumbani akitafuta kitu cha kurekebisha. Mama yupo na cherehani yake barazani, sare za shule zimejaa mpaka kitandani. Nakupa salamu zao ingawa hawajui kwamba nakuandikia. Bibi Auleria mpe shikamoo yangu kwa sauti kubwa, sikio la kulia.

Jambo lenyewe ni hili. Baba anataka kumpangishia mchomelea mageti ile gereji iliyoshikana na nyumba. Fundi Anselmo alikuja kuitazama, akasema nyaya zake hazieleweki, mwezi wa pili atazing'oa zote aanze upya. Baba hakufurahi, maana unajua anavyojisifia nyaya zile ulizofunga wewe alipokuwa safarini Tunduma. Kila mgeni huambiwa, "Kazi ya mdogo wangu hiyo, miaka yote haijatoa hata cheche." Lakini waya upi unakwenda wapi, hajui. Hakuna anayejua.

Kuna swichi tatu mlangoni. Ya kwanza ni ya taa. Ya pili ni ya soketi. Ya tatu imebandikwa plasta ya kidonda tangu nikiwa mdogo na tumekatazwa kuigusa, kwa sababu ukiizima, friji la jikoni, kule ndani ya nyumba, linazima. Kwetu hilo ni jambo la kawaida kama mlango unaolia. Mimi limeanza kunisumbua. Gereji si mtoto wa nyumba? Mtoto anazimaje friji la mama yake?

Kama unakumbuka ulivyofunga, nichoree. Nataka kuielewa kabla haijang'olewa.

Mwanao,
Editha


Newala, 21 Desemba 2024

Mwanangu Editha,

Marahaba, na marahaba ya bibi yako pia. Kondakta alikaa na barua yako mpaka ikapata harufu ya samaki wakavu, ndiyo maana nachelewa. Bibi alitaka nimsomee. Nikasoma salamu, tulipofika pale pa nesi nikashikwa na kikohozi. Hakusikia kitu.

Huku korosho zimemalizika kuokotwa, mvua zimeanza kwa kubabaisha. Umeme niliuacha zamani, mie nachonga kama kawaida, ila mpingo umekuwa wa kuutafuta, kwa hiyo siku nyingi nachonga miko na michi. Wateja wa vinyago wanataka simba. Sijawahi kumwona simba, lakini nawachongea.

Hilo ulilonieleza nimelipokea na nimelifungia. Tena limenifurahisha kuliko unavyodhani.

Kuchora, sitakuchorea. Usinune. Sababu moja ni kwamba mchoro wangu ungekufanya uelewe mimi, na siyo gereji. Sababu ya pili si yangu kuisema.

Nitakupa masharti. Usifungue kifuniko chochote. Washa, zima, tazama, sikiliza, basi. Vaa ndala kavu. Ukigusa swichi tumia mkono mmoja, mwingine uweke mgongoni kama askari aliyepumzishwa. Na swali nakupa moja: kabla hujauliza nyaya zinakwenda wapi, uliza watu walikuwa wanalala wapi.

Baba yako mdogo,
Cyprian


Mbagala, 9 Januari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka. Sikukuu tulikula pilau, baba akasema nyama ni ngumu, mama akamwambia meno ndiyo yamelegea, tukacheka mpaka jirani yetu mama Mwanabaraka akaja kuuliza kuna nini. Tuko salama.

Barua yako imefika juzi, na mimi nilikuwa nimeshafanya jambo. Nakusimulia kama lilivyokuwa.

Niliwaza hivi: kama gereji inapata umeme kutoka ndani ya nyumba, basi nikizima swichi kubwa iliyoko koridoni, gereji lazima ife. Nikachomeka redio gerejini, nikaiongeza sauti, nikaenda koridoni nikazima. Redio ikaendelea kuimba! Nikaruka kwa furaha, halafu nikakumbuka redio ile ina betri. Niliona aibu peke yangu. Nikatoa betri, nikaichomeka tena, nikarudi koridoni. Nikazima.

Nilichosahau ni kwamba safari hii baba alikuwa ameshawasha televisheni, anaangalia mpira.

"Nani kazima? Nani kazima! Penalti jamani!"

Nikaganda na mkono juu ya swichi. Sebuleni kimya, feni inamalizia kuzunguka, na kule gerejini redio inaimba kwa nguvu, haina betri hata moja.

"Luku imeisha?" mama akauliza kutoka barazani.

"Luku gani, mbona redio inaimba?" Baba akatokea koridoni. "Editha! Unafanya nini hapo?"

Baba mdogo, unanijua. Darasani nilikuwa nikijua jibu nainamisha kichwa. Lakini nikasema, "Baba, gereji haitegemei nyumba. Sikiliza."

Akasikiliza. Hasira zikamwisha kwanza, halafu na penalti akaisahau. Akaniuliza nimejuaje. Ndipo na lile lingine likanitoka, lile la kutaka chuo cha ufundi umeme, maana lilikuwa limekaa karibu na mdomo. Akakaa kwenye kiti.

"Umeme unaua, mama."

"Ndiyo, baba."

"Shangazi zako wote nimewaambia unakwenda unesi."

"Ndiyo, baba."

Akafikiri. "Sawa. Fundi Anselmo anarudi mwezi wa pili. Kabla hajang'oa chochote, usimame hapo utuambie kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Ukiweza, chuo cha ufundi nitakupeleka mwenyewe. Usipoweza, unesi, na sitaki kuona machozi."

Nikakubali. Chuo kinafungua Machi.

Jioni nikiendelea kujaribu swichi, mama alipita mlangoni na bakuli la vifungo. Akasema bila kusimama, "Vaa ndala kavu. Na huo mkono mwingine uweke mgongoni." Nilidhani ananitania. Halafu barua yako ikafika na maneno yaleyale! Naona ulimfundisha zamani.

Kuhusu swali lako nilimwuliza baba tulikuwa tunalala wapi nyumba ilipokuwa inajengwa. Akasema, "Tulihamia nyumba ikiwa imekamilika. Na mapazia." Nikamwuliza mama, akaweka pini zote mdomoni, akawa hawezi kusema.

Basi nikaenda kuiuliza gereji. Juu kwenye boriti kuna kulabu ya kutundikia chandarua. Kwenye kona ukuta una weusi wa moshi ambao rangi haijaufunika vizuri, na weusi huo si wa gari, uko usawa wa jiko la mkaa. Na upande wa mashariki kuna dirisha lililozibwa kwa matofali. Nani anaweka chandarua kwenye gari?

Baba na mama walilala humo. Gereji ndiyo ilikuwa nyumba, chumba kimoja, na hii nyumba kubwa ilikuja baadaye ikajishikiza. Gereji si mtoto. Ndiye mama! Umeme unafikia kwake kwanza, halafu anawagawia wengine, na ile swichi ya tatu ni ya waya wa kwanza aliowapelekea jikoni. Je, nimekosea?

Editha


Newala, 30 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Bibi yako alianguka kidogo uani, si jambo la kutisha, mguu umevimba na mdomo umeongezeka. Nimekuwa nachemsha uji na kupokea amri, ndiyo sababu ya kimya changu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyonifaa mtu mzima. Hujakosea. Kaka hapendi kusema walilala gerejini, kwa sababu alikuwa dereva wa lori kubwa, ndiyo kwanza ameoa, na aliahidi ukweni nyumba yenye vyumba. Usimtie aibu. Nusu ya nyumba za huko zilianza hivyo, watu wanaingia kwenye banda la uani, nyumba kubwa inawafuata tofali kwa tofali.

Lililobaki ni kasha la kwanza, lenye swichi kubwa ya kuzimia umeme wote. Lazima lipo, na haliko koridoni. Fikiria kitanda kilikaa wapi chini ya ile kulabu, kisha fikiria mtu anayetaka kuzima kila kitu bila kushuka kitandani. Ukiligundua usiliguse. Mwambie baba yako, mwambie fundi. Hapo waya uliotoka kwenye mita ya Luku una moto hata nyumba nzima ikiwa imezimwa.

Umesema nilimfundisha shemeji. Hilo nimeliona, sikuliruka kwa bahati mbaya.

Nakuombea.

Cyprian


Mbagala, 16 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Pole kwa mguu wa bibi. Mama amemshonea gauni lenye mifuko miwili mikubwa, asiwe anakuita kila akitaka ugoro. Matokeo yametoka, fizikia nimepata B. Baba aliitangaza mpaka dukani.

Anselmo alikuja siku moja kabla ya tuliyokubaliana. Nilikuwa nafua. Nilipofika gerejini alikuwa ameshasogeza lile kabati kubwa la spana, na nyuma yake, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala, kulikuwa na kasha la chuma lenye mkono wa kuzimia. Lilikuwa palepale nilipolitarajia! Baba alikuwa amesimama anashangaa. Anselmo ameshafungua kifuniko, ana koleo mkononi.

"Nimezima kule koridoni," alikuwa anamwambia baba. "Humu hamna kitu, mzee. Dakika moja nakata."

"Usiguse!"

Ilikuwa sauti yangu. Sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote hii. Mama Mwanabaraka ameniambia aliisikia kwake, akadhani nyoka.

Anselmo akageuka. "Dada, umenishtua. Nimeshazima, usinifundishe kazi."

"Umezima nyumba. Hili halitegemei nyumba. Nyumba ndiyo inategemea hili."

"Nani kakwambia?"

"Friji."

"Friji?"

Baba akasema, "Anselmo, mwanangu, pima kwanza."

Akatoa testa mfukoni kwa uvivu, kama mtu anayembembeleza mtoto, akaigusisha kwenye waya. Kitaa chake kikawaka.

Anselmo aliliweka koleo chini. Alirudi nyuma akakaa kwenye tairi la zamani, akajifuta uso kwa kofia. Baadaye akasema polepole, "Nina watoto wawili, dada. Asante." Nataka ujue hakununa hata kidogo. Alinipa testa yake nishike, akasema, "Haya, fundi, tupeleke."

Nikawapeleka. Nilianzia nje kwenye Luku, nikaonyesha waya unapoingilia ukutani na kushuka kwenye kasha lile. Nikamwomba Anselmo avute ule mkono wa chuma. Akavuta, na kila kitu kikafa, friji, feni, redio, hata pasi ya mama barazani. Akapima tena, safari hii kitaa hakikuwaka ila kwenye waya mmoja kati ya zile nyaya mbili zinazotoka Luku, na hizo tuliziacha. Kisha nikasema huu unapanda kwenye taa, huu soketi, huu ulikwenda jikoni kilipojengwa chumba cha pili, huu mnene ulikwenda koridoni nyumba ilipokamilika. Anselmo akawa anawasha na kuzima kuhakikisha. Nilikosea mmoja, niliusema wa taa ya nje kumbe ni kengele ya geti iliyokufa zamani. Baba akasema kengele haihesabiwi.

Nilipofika kwenye kueleza kwa nini gereji ilitangulia nilinyamaza, maana uliniambia nisimtie aibu. Ndipo baba mwenyewe akasema, "Kwa sababu tulilala humu, fundi. Mie na mama yake. Kitanda kilikaa hapo ulipokaa wewe." Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akanishika bega. "Andaa sanduku la chuo."

Anselmo hang'oi kitu. Atamvutia mchomelea mageti waya wake wa peke yake, zile za zamani zinabaki. Alisema, "Kazi kama hii, mzee, mtu hang'oi." Baba akavimba. "Si nilikwambia? Mdogo wangu huyo!"

Sasa, baba mdogo, nina swali. Ndani ya kasha kila waya umefungwa uzi wa cherehani shingoni, ili ujulikane: wa taa mwekundu, wa soketi bluu, wa jikoni kijani cha sare. Baba akasema, "Ona Cyprian alivyokuwa na mpango, hata rangi kaweka!" Lakini mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani. Fundo lile linazungushwa mara tatu, na ncha haikukatwa kwa mkasi, imeng'atwa. Namfahamu mtu mmoja tu anayeng'ata uzi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia kasha, akaniangalia mimi, akasema, "Funikeni hicho kitu, vumbi linaingia." Akarudi kwenye sare zake.

Baba mdogo, unajua kushona?

Editha


Newala, 3 Machi 2025

Fundi Editha,

Marahaba. Barua yako nilimsomea bibi yote, bila kikohozi, isipokuwa pale mwisho. Amepiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Gauni limefika, mifuko imeshajaa.

Kushona sijui. Hata vifungo vyangu ananishonea bibi yako.

Wiki ile ambayo kaka alikuwa Tunduma, patasi iliteleza ikanipasua kiganja cha kulia. Mkono ulifungwa bendeji kubwa kama boga. Nyaya zilikuwa zimeshanunuliwa, za gereji na za jikoni palipokuwa pameshaezekwa, joto lilikuwa kali, na kaka, mwenye nyumba, alikuwa amesema tusiguse kitu mpaka arudi. Mie nilikaa kwenye kigoda nikiongea tu. Mdomo haufungi waya.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Ila ulikuwepo, na ulikuwa umeshaanza kuonekana. Kama bibi yako angesikia nani alipanda juu ya stuli siku hizo, angekuja Dar kwa miguu. Kwa hiyo nilipewa sharti niseme kazi ni yangu, nikasema. Halafu kaka akaanza kunisifu mbele ya watu, na hajanyamaza mpaka leo.

Hayo ndiyo majibu ya ulichouliza. Usichoniuliza sijakijibu.

Nenda ukasome.

Cyprian


Mbagala, 17 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Bibi asiache mguu jua la asubuhi, mama anasisitiza.

Nimeanza chuo. Darasani wasichana tuko wanne, na mmoja anaitwa Hope anaongea kwa niaba yetu sote, kwa hiyo napumzika. Ila wiki iliyopita mwalimu aliuliza nani anaweza kufunga swichi mbili za taa moja, na mkono wangu ukapanda wenyewe. Nilikwenda mbele. Taa iliwaka. Mwalimu akauliza, "Nyumbani kuna fundi?" Nikasema, "Yupo." Akauliza, "Baba?" Nikatabasamu tu, kama mjinga.

Siku ya kwanza baba alinipeleka mwenyewe, na tulipofika getini kwetu akamwambia mama Mwanabaraka, kwa sauti ya watu wa mtaa mzima, "Damu ya baba yake mdogo hiyo! Umeme uko kwenye ukoo wetu." Mama alikuwa anaminya limau kwenye chai. Akasema, "Kweli, baba Editha. Ukoo wenu Mungu kaujalia." Uso wake haukucheka hata kidogo. Lakini nilimwona anavyotembea kurudi barazani, baba mdogo. Alitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Nilitaka kumkimbilia nimwambie najua. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na nimeona bora nisubiri. Miaka yote hii amekuwa akitumia umeme alioufunga mwenyewe, anasikiliza mtu mwingine akisifiwa, anapiga cherehani. Siku akitaka kuisema, aiseme kwa mdomo wake, na mimi nishangae vizuri. Nafanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo.

Kwa hiyo nakuomba, baba akikupigia kukusifu, zipokee sifa zote kama ulivyozoea. Na mama akikuuliza Editha anajua nini, mwambie najua mambo ya chuo tu. Hili libaki kwako na kwangu.

Mwanao anayekupenda,
Editha